Taa za Chumba cha Cherehani

Watu wanaonijua hapa Kisumu watakuambia nina ulimi. Ni kweli ninao, na katika kazi yangu ya kufunga stima umenisaidia kuliko tesita ya kupimia waya. Mwanamke ukifika kwa mtu na ngazi begani, mwenye nyumba anachungulia nyuma yako na kuuliza, "Na fundi mwenyewe yuko wapi?" Hapo usipokuwa na jibu la kumfunga mdomo, utarudi nyumbani ulivyokuja. Nasema haya mapema ili usishangae ukinisikia nikigombana na kidude cha darini kana kwamba ni shemeji yangu.

Kidude chenyewe kilikuja ndani ya boksi dogo, zawadi ya mfadhili, kwa ajili ya chumba cha washonaji kilicho nyuma ya kanisa, upande wa chini wa mji karibu na reli. Zamani chumba hicho kilikuwa ghala la pamba. Kuta ni nene, sakafu ni saruji, na madirisha ni madogo, yamebanwa huko juu karibu na paa, kwa hiyo hata saa sita mchana ukiingia unapapasa. Wanaoshona humo ni wanawake viziwi, na mmoja wao ni binti yangu. Juu ya paa wana sola, na kwenye kona wana betri zinazoendesha taa, cherehani na pasi. Shida yao ilikuwa moja tu: taa zilisahaulika. Jioni kila mtu alidhani yuko mwenzake nyuma atakayezima. Taa zikalala zikiwaka, na asubuhi betri zimekufa, cherehani hazigeuki, wanawake wamekaa wakitazamana kama wageni matangani.

Mfadhili akasema dawa ni kihisi, yaani kidude kinachojua kama chumbani kuna mtu. Ni cheupe, cha mviringo, kama kisahani cha chai. Hakina waya hata mmoja. Kina kioo kidogo cheusi cha sola kinachokula mwanga wa taa za chumba chenyewe na kuuweka akiba, na kina jicho linaloona joto la mwili likisogea. Likiona mtu, linapeleka habari hewani kwa kipokezi kilichofungwa kwenye waya wa taa, nazo taa zinawaka. Chumba kikitulia kwa muda, taa zinazima zenyewe. Binti yangu alipoelezwa alicheka, akakiita kwa mikono yake "jicho la pasta," kwa sababu litakuwa linajua nani kaja na nani kaondoka.

Huyo binti ndiye sababu ya mimi kuandika. Masikio yake yalichukuliwa na homa ya uti wa mgongo akiwa bado ananyonya. Mimi na baba yake, ambaye huendesha lori la mchele kutoka Ahero, tulijifunza lugha ya ishara ukubwani, na mpaka leo ananitania kwamba mikono yangu inaongea kama inafungua nati. Shule alimaliza, kushona akapenda, na mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda kufanya mtihani wa gredi, ule wa serikali wa mafundi, kwenye ukumbi mmoja mkubwa mjini, katikati ya watahiniwa wanaosikia. Mkalimani hakufika. Katikati ya mtihani msimamizi alisimama akatangaza kwa mdomo kwamba kwenye karatasi kuna kipimo kimekosewa, cha mkono wa blauzi, akataja kilicho sahihi. Wenye masikio wakasahihisha. Binti yangu alikuwa ameinamia kitambaa. Alishona mikono mizuri, iliyonyooka, ya kipimo kibaya, akafeli.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alichukua leso akaifunika cherehani yetu ya nyumbani, akaketi mlangoni akatazama barabara, na mimi na ulimi wangu wote nikakosa la kumwambia.

Aliyekuja kumtoa hapo ni mwenyekiti wa wale washonaji, mama wa makamo, kiziwi tangu kuzaliwa, mnene, mpole wa uso na mkaidi wa moyo. Alikuja na blauzi yake imepasuka kwapa. Akaiweka mezani mbele ya binti yangu, akakaa. Hakumsihi, hakumpa pole. Alikunywa chai yangu, akala mihogo yangu, akatazama kuku wangu wakichakura uani. Jua lilipoanza kushuka, msichana akaivuta ile blauzi, akatunga uzi. Kesho yake yule mama akarudi, na kwapa jingine limepasuka. Alikuja hivyo siku nyingi. Nilikuja kugundua baadaye kwamba alikuwa akizipasua mwenyewe njiani. Mungu ambariki mama yule, na ambariki na vizazi vyake, kwa sababu alinirudishia mtoto kwa sindano na uzi wakati mimi niliyemzaa nilikuwa nimeishiwa.

Halafu akafanya kubwa zaidi. Alizunguka maofisini na mkalimani nyuma yake mpaka wakubwa wakachoka kumwona, wakakubali mtihani unaofuata ufanyiwe kwenye chumba cha washonaji wenyewe, na mkalimani awepo. Walitoa sharti moja, nalo ni la haki: siku hiyo taa na cherehani zisizime. Binti yangu akajiandikisha tena. Jioni ile ile, tukichambua omena jikoni, aliniambia kwa mikono yenye magamba, "Mama, nikifeli tena, sishiki sindano maishani." Namjua. Yeye akisema kitu, kimesemwa.

Basi kanisa liliponiita nifunge kile kidude, usifikiri nilikwenda kama fundi anayekwenda kazini. Nilikwenda kama mama.

Kwanza nilikiweka juani juu ya kiti ili kishibe, maana kilitoka kwenye boksi na njaa na kikiwa na njaa hakiamki. Mwenyekiti alipita, akakitazama, akaniuliza ninaanika samaki gani leo. Nikamjibu kwamba huyu ni sangara wa kizungu, haliki. Akanionyesha jina langu la ishara, ambalo ni mtu anayetetemeka kwa kupigwa na stima, akaingia ndani akicheka mabega yote.

Kiliposhiba nilipanda ngazi nikakifunga katikati ya dari, juu kabisa ya safu za cherehani. Kipokezi nikakifunga kwenye boksi la waya za taa, nikavifundisha viwili hivyo kutambuana. Swichi ya ukutani, iliyokuwa karibu na mlango, niliing'oa nikaziba shimo kwa kifuniko cheupe. Nilijiambia swichi ikibaki mtu ataiwasha kwa mkono na kuisahau, na kazi yote itakuwa bure. Muda wa kuzima nikauweka mfupi, kwa ubahili wa betri. Nilijiona mjanja sana siku hiyo.

Kisha majaribio. Kidude hicho ukikibonyeza kinaingia hali ya kujaribiwa, na kila kinapoona mtu kinakonyeza taa ndogo nyekundu. Niliwaomba wanawake watembee chumbani. Lo! Ungedhani nimewaomba waolewe. Mmoja alitembea kama bibi harusi, mwingine kama askari, na binti yangu akatembea kama mimi, amebeba ngazi ya hewa begani na kukunja uso. Kila walipopita, taa nyekundu ilikonyeza. Nikawatoa wote nje, nikachungulia: baada ya muda taa zikazima. Nikaingia: zikawaka. Likabaki jaribio la mwisho, nililoliogopa zaidi, la watu kuketi. Nikawaambia waketi kwenye cherehani zao watulie. Wakaketi. Nikasubiri na shingo imepinda kuelekea darini. Taa hazikuzima. Nikasubiri tena. Hazikuzima ng'o. Nikapiga kifua, nikakusanya vyombo vyangu, nikaenda zangu soko la Kibuye kununua mboga.

Kesho yake mapema nilitumiwa picha kwenye simu. Ni kidole cha mwenyekiti, kikielekeza kile kifuniko cheupe ukutani. Hakuna maneno. Nilijua tu kwamba nimeharibu.

Nilipofika alinishika mkono kama mtoto, akanipeleka mpaka ukutani. Akagusa kifuniko, akagusa koo lake, kisha akanitazama. Ndipo nikaelewa, na nilitamani sakafu inimeze. Chumbani mle huwezi kumwita mtu kwa sauti, na sakafu ya saruji haipeleki kishindo ukikanyaga. Wao huitana kwa taa. Mwenye neno anakwenda kwenye swichi, anazima na kuwasha, na kila mtu anaacha alichoshika anatazama. Kwa taa ndiyo chai inatangazwa, kwa taa ndiyo sala inaanza, na siku pasi iliposahauliwa juu ya kitambaa na moshi ukaanza, ni kwa taa walitoka wote salama. Nilikuwa nimeyaona hayo kila nilipokwenda pale, kama unavyoona mlango. Sasa nilikuwa nimewang'olea sauti na kuiziba kwa plastiki.

Mwenyekiti hakunigombeza. Alinipa chai kwanza. Nilipomaliza aliniuliza, kwa mikono mipole, nitawarudishia lini.

Bahati, ndani ya boksi la mfadhili kulikuwa na kitufe kisicho na waya, cha kubandika ukutani, kinachozungumza na kipokezi kile kile. Nilikibandika pale pale swichi ilipokuwa. Mwenyekiti akakibonyeza, taa zikazima, akakibonyeza tena, zikawaka, na wanawake wote wakainua vichwa. Wakanipigia makofi ya kwao, mikono juu na vidole vikitikisika. Nilifurahi kama mtu aliyesamehewa kabla hajaomba. Siku hiyo hiyo mkalimani na mwenyekiti wakakubaliana na ofisi ishara ya mtihani: taa zikizima kisha zikawaka, sindano chini, mikono juu, macho kwa mkalimani. Ndivyo tangazo litakavyotolewa, na ndivyo mtihani utakavyokwisha.

Siku ya mtihani nilikuwepo, na ruhusa nilipewa, kwa sababu ofisi ilitaka fundi wa stima awe karibu. Niliwekewa kiti barazani, karibu na mlango uliokuwa wazi, vyombo vyangu miguuni. Mwenyekiti hakuruhusiwa kusogea karibu, kwa vile ndiye aliyewafundisha; alikaa kanisani akisali au akisinzia, sijui. Msimamizi alikuwa mama wa kijaluo, mtu mzima, magoti yamemvimba. Alikaa mbele kwenye kona, na mkalimani, kijana nadhifu, akaketi ubavuni pake.

Asubuhi ilikwenda vizuri kupita kiasi. Cherehani zilinguruma, mikono ikienda na kurudi, taa zikiwaka kama hazijui kuzima. Likaja tangazo moja, la kipimo cha kola. Msimamizi alizima na kuwasha, vichwa vikainuka, mkalimani akaeleza, binti yangu akaandika kwenye karatasi yake. Nilifunga macho nikamshukuru Mungu hapo hapo barazani. Kama mtihani ungeishia pale ningekwenda nyumbani nikiimba.

Baada ya chakula cha mchana ilikuja kazi ya mkono: vitundu vya vifungo na upindo. Cherehani zikanyamaza. Wingu zito lilikuwa limepanda kutoka ziwani, likafunika vile vidirisha, na chumba kikawa cheusi nje ya mwanga wa taa. Watahiniwa waliinama, kila mmoja pua karibu iguse kitambaa, sindano zikiingia na kutoka kwa vidole viwili tu. Na kwa sababu ni mtihani, hakuna kuongea. Nilikuwa nikiwatazama kupitia mlangoni, na kitu fulani kilinisumbua, ila sikukijua ni nini. Kilikuwa kigeni. Miaka yote niliyoingia chumba kile, sikuwahi kuona mikono yao imetulia.

Taa zikazima.

Jamani! Hapo ndipo lile jaribio langu la mwisho liliponirudia. Siku ile niliwaambia watulie, nao wakaketi, na mikono yao ikaendelea kupiga soga kutoka meza hadi meza, wakinicheka mimi na shingo yangu iliyopinda. Jicho la darini liliona mikono ikiruka, likasema kuna watu. Nilikuwa nimejaribu chumba kikiwa kinaongea. Leo kilikuwa kimya, kimya cha viziwi, na jicho likasema watu wameondoka.

Niliruka kutoka kwenye kiti nikaingia mlangoni, na jicho liliponiona tu, taa zikawaka. Zimezima, zimewaka. Sindano zote chini, mikono yote juu, macho kwa mkalimani. Mkalimani alimtazama msimamizi, msimamizi akanitazama mimi, nimesimama pale na bisibisi mkononi kama mwizi. Binti yangu naye akanitazama. Kitundu chake cha kwanza hakijafika nusu. Usoni mwake nikauona ule uso aliorudi nao nyumbani mwaka uliotangulia, uso wa mtu anayejua kwamba kumesemwa kitu na yeye hakukipata.

Mikono yangu ikainuka yenyewe kumwambia.

"Mama!" msimamizi akapaaza sauti. "Mikono! Nimeambiwa mmoja wao ni wako. Ukimwambia kitu, hata salamu, nitaandika. Nikiandika, karatasi yake imekwenda."

Niliitia mikono nyuma ya mgongo nikaishika kama kuku wa kuchinjwa. Nilibaki na ulimi, na siku hiyo uliniokoa. Nilimweleza mama yule kwa Kiswahili cha haraka, bila kupumua: muda haujaisha, hakuna aliyebonyeza, ni kidude cha juu kimedhani chumba ni kitupu, na kitadhani hivyo tena wakiinama.

"Basi kizime."

"Siwezi. Taa zote zinapitia kwake. Kukitoa lazima nikate stima nzima, na wengine hawajapiga pasi upindo."

"Kirekebishe."

"Kubadili muda wake ni kukibonyeza na kukishikilia, nacho kinajibu kwa kuzima na kuwasha taa zote za chumba. Watadhani umewaita mara ngapi?"

"Yawa!" Alilitazama lile dude kwa chuki ambayo hata mimi sikuwa nimeifikia. "Sasa hicho kitu kinataka nini?"

"Kinataka mtu anayetembea."

Alitazama magoti yake. Akanitazama mimi, kuanzia kilemba mpaka viatu vya gambuti. Sijui aliona nini. Nafikiri na yeye ni mama.

"Basi tembea," akasema. "Mikono nyuma. Usisimame kwenye meza ya mtu, wala ya mwanao, hata kupumua. Ukisimama, nakutoa."

Mkalimani akawaeleza watahiniwa kwamba muda haujaisha, kosa ni la mtambo, dakika walizopoteza watarudishiwa, na fundi atatembea ili taa zisizime tena. Mikono ikashuka. Sindano zikainuliwa. Nami nikaanza kutembea.

Nilitembea katikati ya safu za cherehani, kwenda na kurudi, chini ya lile jicho. Mvua ilianguka juu ya mabati kwa kishindo ambacho ni mimi, msimamizi na mkalimani tu tulikisikia. Nilipita nyuma ya migongo. Nimefunga stima nyumba nyingi, Kisumu hapa na mpaka Maseno, lakini sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu. Nilitamani kumgusa bega. Nilitamani kumwambia pole, ni mimi, ni huu ubahili wangu wa betri. Mikono yangu nyuma ilikuwa inafinyana.

Mara moja nikipita niliona ameweka alama ya chaki ya kitundu cha mwisho, na hata mimi nisiyejua kushona nikaona imekaa chini mno. Kifungo kingeangukia mkandani. Mkasi ulikuwa mkononi mwake, tayari. Eeh Mungu wangu. Neno moja tu lingetosha, kidole kimoja, kikohozi hakingesaidia kitu. Nikapita. Nilikwenda mpaka mwisho wa chumba na macho kwenye ukuta, nikiomba kwa Kiluhya, ambacho siku hizi nakitumia nikiwa na shida kubwa tu. Niligeuka. Nilipomfikia tena mkasi ulikuwa umelala mezani, futi imenyooshwa juu ya kitambaa, na alama ya zamani ameipangusa kwa kidole gumba. Aligundua mwenyewe. Nilitaka kupiga kigelegele mpaka bati liruke. Nikaendelea kutembea.

Hakuinua kichwa hata mara moja. Wengine waliniangalia kidogo nilipopita, mmoja akatabasamu. Binti yangu, hapana. Nilidhani amekasirika, na nilisema moyoni akasirike tu, ana haki, ilimradi amalize.

Miguu ilianza kuwaka moto ndani ya gambuti, kisha ikafa ganzi. Msimamizi alinisogezea kikombe cha maji kwenye ukingo wa meza yake, nikanywa nikiwa natembea, nikijimwagia nusu. Hatimaye alisimama kwa shida, akaenda ukutani, akabonyeza kitufe. Zikazima. Zikawaka. Sindano chini, mikono juu. Mkalimani akawaambia wamemaliza, na papo hapo mikono yote ikaanza kuongea, meza hadi meza, chumba kizima kikapiga kelele zake. Mimi bado nilikuwa natembea. Mwenyekiti aliingia mbio kutoka kanisani, akanishika mabega, akanikalisha kwa nguvu kwenye kiti, akaniinamia na kunivua gambuti moja baada ya jingine. Malengelenge aliyoyakuta huko ndani sitayaeleza hapa.

Kihisi nilikihamisha wiki hiyo hiyo. Nikakileta karibu na meza ya kazi ya mkono ili kione hata vidole, nikakiwekea muda mrefu kuliko wote kinaoukubali. Kisha nikawaomba wanawake wote waketi na wasiongee hata neno, washone tu kwa mkono, na nikasubiri. Ilikuwa vigumu kwao kuliko kutembea. Mwenyekiti alivunja kimya mara kadhaa kwa uchokozi. Mwishowe walinyamaza, na taa hazikuzima. Hilo nililihesabu kuwa jaribio.

Matokeo yalipotoka alikuwa amepita. Leo anashona sare za shule, ana wanagenzi wake wawili katika chumba kile kile, na mwenyekiti ndiye anayemletea wateja, kwa maringo, kana kwamba alimzaa yeye. Simnyimi. Namshukuru yule mama, namshukuru msimamizi wa magoti mabovu aliyeweza kunitoa nje na hakunitoa, na kwa kuwa Mungu ana ucheshi wake, nakishukuru hata kile kidude.

Siku ya matokeo, tulipofika nyumbani na wageni wakaisha, nilimwuliza jambo lililokuwa limenikaa moyoni tangu siku ile. Nilimwuliza kwa mikono yangu ya kufungulia nati kama alikuwa amenikasirikia, kwa sababu nilipita nyuma yake alasiri nzima na hakugeuka hata mara moja kuona kama nipo.

Alinishangaa.

"Nigeuke kwa nini?" akasema. "Taa zilikuwa zinawaka."